Tulikimbia ukabila, sasa binti yangu anataka kuusomea

*"Binti yangu ana miaka 19, yuko mwaka wa pili chuo kikuu hapa Ohio. Alizaliwa kambini Nyarugusu, Tanzania; sisi wazazi tulivuka ziwa kutoka Fizi, Kongo, mwaka 1996. Siku zote tulijua atasoma unesi, kama watoto wengi wa jamii yetu hapa. Wiki iliyopita ameniambia anabadilisha: anataka shahada ya kitu kinachoitwa masomo ya makabila na makundi ya watu. Nilinyamaza. Kabila ndilo lililotutoa nyumbani. Ndugu zangu kanisani wanasema hiyo ni digrii ya maandamano, haina kazi, ataishia ghalani kufunga maboksi pamoja nami huku deni linamsubiri. Mama yake hali chakula vizuri. Nimkataze? Au kuna jambo silielewi?"*

Ndugu yangu, pole, wewe na mama watoto. Barua yako ina maswali mawili yaliyofungwa kwenye kitita kimoja. La kwanza: je, mtoto anakwenda kufundishwa kilekile kilichowafukuza? La pili: atakula nini? Yanahitaji majibu tofauti, na mkiyajibu kwa pamoja mezani mtagombana bure. Nianze kwa kukuambia nilipo: nimefundisha masomo haya miaka mingi na ninayapenda. Kwa hiyo unaponiona nayasifu, pima. Unaponiona nataja ubaya wake, amini.

Shida inaanzia kwenye tafsiri. Katika Kiswahili chetu, ukabila ni aibu. Ukimwita mtu mkabila umemtukana. Sasa mtoto akisema kwa Kiswahili cha haraka kwamba anasomea makabila, sikio la baba aliyetoka Kivu linasikia kitu kingine kabisa: linasikia mtu anayekwenda kunolewa ili ajue nani ni wetu na nani si wetu. Shahada yenyewe inauliza jambo jingine. Inauliza kundi la watu linatengenezwaje, nani analipa jina, nani analihesabu, na kuhesabiwa huko kunampa nani ardhi, kura, nyumba au kitanda cha hospitali.

Hebu jitazame mwenyewe. Fizi ulikuwa mtu wa ukoo fulani na kijiji fulani, na hakuna aliyekuuliza zaidi ya hapo mpaka mambo yalipoharibika. Ulipopokelewa Kigoma ukawa Mkongo, na mkimbizi. Uliposhuka kwenye ndege Marekani ukapewa fomu, ukatia alama kwenye kisanduku cha watu Weusi, pamoja na mtu ambaye babu zake waliletwa Virginia kwa minyororo na Msomali aliyefika mwaka jana. Ngozi yako haikubadilika njiani, wala jina lako. Kilichobadilika ni daftari. Na kila daftari lilikuja na mambo yake: nani anakuogopa, polisi anakutazamaje, ofisi gani inakuhudumia, mwanao anapangwa darasa gani. Anachotaka kusoma binti yako ni hayo madaftari.

Darasani huwa naanza na fomu za sensa ya Marekani za miaka tofauti. Ya mwaka 1930 iliwaandika Wameksiko kama rangi ya peke yake; ya 1940 ikawarudisha kwenye kundi la Weupe. Watu walewale, mitaa ileile, miaka kumi tu. Mwaka 2024 serikali kuu ilibadilisha tena vigezo vyake, ikaongeza kisanduku cha watu wenye asili ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, ambao kabla ya hapo walihesabiwa Weupe. Wanafunzi hucheka kwanza, halafu hunyamaza, kwa sababu wanaanza kukumbuka ni mambo mangapi yanagawiwa kwa kufuata visanduku hivyo.

Kisha tunalinganisha, na kulinganisha ndiyo roho ya shahada hii. Tanzania, iliyowapokea, haijauliza kabila kwenye sensa tangu ile ya 1967. Kenya inauliza mpaka leo. Rwanda, Wabelgiji waliandika kabila kwenye vitambulisho miaka ya 1930, na mwaka 1994 vitambulisho hivyohivyo vikasomwa kwenye vizuizi vya barabarani kuamua nani afe. Baada ya hapo kabila likafutwa kwenye kadi. Kwenu Kongo, sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wa asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa zamani, na sheria ya 1981 ikawanyang'anya. Yaliyofuata huko Kivu unayajua kuliko mimi, nami sitakusimulia maumivu yako. Ninachosema ni kwamba hayo hayakuota yenyewe kama magugu. Yana tarehe na sahihi za watu. Kijana aliyezaliwa Nyarugusu akitaka kujua kwa nini alizaliwa Nyarugusu, hatapata majibu hayo kwenye darasa la anatomia. Nadhani, ingawa hajakwambia hivyo, hilo ndilo swali analolitembeza moyoni.

Sasa kuhusu maandamano. Ndugu zako kanisani hawakukosea kabisa. Masomo haya yalizaliwa kwenye mgomo. Tarehe 6 Novemba 1968 wanafunzi Weusi wa chuo cha serikali cha San Francisco, pamoja na wenzao wenye asili ya Asia, Meksiko na Wahindi Wekundu, waligoma wakidai wafundishwe pia historia za watu wao, na watoto wa mitaa yao wapokelewe chuoni. Mkuu wa muda wa chuo alipanda juu ya gari la wagomaji akang'oa nyaya za vipaza sauti. Polisi waliingia, mamia wakakamatwa. Mgomo ulidumu mpaka Machi 1969, na mwaka huohuo chuo kikafungua kitivo cha kwanza cha namna hii nchini. Berkeley nao waligoma mwanzoni mwa 1969 wakapata idara yao. Kwa hiyo ndiyo, asili yake ni madai, na kuna walimu ambao bado wanafundisha kama wamesimama juu ya lile gari. Binti yako atakutana na baadhi yao. Lakini siku nyingi za mwanafunzi wa shahada hii ni za kukaa: kusoma hukumu za mahakama, takwimu za sensa, ramani na barua za kale, kuhoji wazee na kuandika mahojiano yao neno kwa neno, kisha kutetea hoja mbele ya watu wanaompinga.

Nikupe mfano mmoja unaoigusa nyumba yako. Mlipofika, watoto waliwekewa mwalimu wa kuwafundisha Kiingereza, sivyo? Huenda mliona ni ukarimu wa shule. Ni matokeo ya kesi. Huko San Francisco wanafunzi wa Kichina wapatao 1,800 walikuwa wakikaa madarasani bila kuelewa neno, na shule ikasema inawatendea sawa maana vitabu ni vilevile kwa wote. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema hapana: kumpa kitabu kilekile mtoto asiyejua lugha yake si kumtendea sawa, na ikaegemea Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Kwa hiyo wazazi wa Kichina walipigania jambo ambalo miongo kadhaa baadaye mtoto wa Kikongo alilikuta limeshawekwa mezani. Sheria hiyohiyo ya 1964 ndiyo msingi wa hospitali inayopokea fedha za serikali kuu kukutafutia mkalimani wa Kiswahili. Mtu anayelijua hili vizuri ana faida kwa jamii yenu, na, kama nitakavyoeleza, anaweza kulipwa kwa kulijua.

Nitaje na upungufu wake, maana umo. Idara nyingi zilijengwa juu ya makundi manne ya Marekani: Weusi waliotokana na utumwa, Wahindi Wekundu, watu wa asili ya Amerika Kusini na Meksiko, na watu wa asili ya Asia. Mwafrika aliyekuja juzi mara nyingi hupita katikati ya vidole. Binti yako anaweza kukaa muhula mzima bila kusikia neno Kongo. Akiwa mtu wa kusubiri aletewe, ataumia. Akiwa mtu wa kuchimba, ana shamba lisilolimwa: hadithi ya Wakongo wa kambini walioingia miji ya Ohio inasubiri waandishi wanaojua lugha ya wenye hadithi.

Tuje kwenye ugali.

Kongo, wewe ulijua kwamba mtu akipata diploma ya taifa anachagua fakulti, anaingia graduat miaka mitatu, kisha lisansi miwili, na alichochagua ndicho atakachokuwa. Tanzania nako mtu huingia chuo akiwa tayari ameshapangiwa programu. Marekani si hivyo, na hapa ndipo wazazi wengi hupata hofu isiyo ya lazima. Shahada ya kwanza kwa kawaida ni krediti 120, na kozi moja mara nyingi ni krediti 3, yaani kozi kama 40. Fani kuu ya aina hii huchukua krediti 30 mpaka 45 hivi, yaani robo mpaka theluthi na kidogo. Zinazobaki ni masomo ya lazima kwa wote, na nafasi ya kujaza mwenyewe. Kwa hiyo ukisikia anasomea makundi ya watu, umesikia habari ya kama theluthi tu ya shahada. Uliza habari ya zile krediti nyingine. Humo ndimo riziki ilimo.

Nasema hivi kwa sababu nimeona wahitimu wetu wa aina mbili. Wa kwanza alisoma nadharia tupu miaka minne, akatoka na maneno mazuri na hana kitu mkononi. Huyo ndiye ndugu zako wanamwogopa, na yupo kweli. Wa pili aliifunga nadharia na ufundi. Alichukua takwimu mpaka akaweza kuchambua data ya kaunti, au afya ya jamii, au uhasibu wa mashirika yasiyo ya faida, au kozi za ualimu zenye leseni. Huyo haombi kazi kwa jina la shahada. Anaomba kwa kitu anachoweza kufanya Jumatatu asubuhi.

Binti yako ana kitu ambacho wenzake darasani hawana, na nadhani hata yeye anakidharau: Kiswahili, na pengine lugha ya nyumbani juu yake. Kukalimani hospitalini si kujua lugha mbili tu. Kwa cheti cha kitaifa cha wakalimani wa afya anahitaji walau saa 40 za mafunzo, kisha mtihani. Saa 40 anazimaliza kwenye likizo moja. Akiwa na cheti hicho pamoja na shahada, anaweza kufanya kazi hospitalini, idara ya afya ya kaunti, ofisi za shule zinazohusiana na wazazi wahamiaji, au mahakamani akiongeza mafunzo ya huko. Njia nyingine ni kuendelea. Vyuo vya sheria Marekani havidai fani maalumu ya shahada ya kwanza. Hata shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii, ambayo kwa kawaida ni miaka miwili, haidai. Kusoma hukumu na kuandika hoja ndefu, alikozoezwa, ndiko huko kunakotakiwa.

Lakini nisikupake asali. Nesi aliyesajiliwa atapata mshahara mnono mapema kuliko yeye, na hilo halina ubishi. Kazi za mashirika ya kupokea wakimbizi, ambazo zamani ziliwachukua wengi wa wahitimu wetu, zimepungua sana tangu Januari 2025 serikali iliposimamisha upokeaji wa wakimbizi. Mtoto asipange maisha juu ya mlango huo mmoja. Huko California kuna sheria ya 2020 inayomtaka kila mwanafunzi wa vyuo vikuu vya serikali vya mfumo wa CSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la California) kuchukua kozi ya masomo haya, na nyingine ya 2021 kuhusu shule za sekondari, ingawa utekelezaji wake umefungwa kwenye upatikanaji wa fedha. Hayo yanatoa kazi za ualimu huko. Ninyi mko Ohio, na upepo wa Ohio unavuma upande mwingine.

Hapa naomba usome taratibu. Sheria iliyopitishwa Ohio mwaka 2025 inavitaka vyuo vikuu vya umma kufunga programu ya shahada ya kwanza ambayo, kwa wastani wa miaka mitatu, imetoa wahitimu chini ya watano kwa mwaka, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Jirani yenu Indiana aliweka kiwango cha juu zaidi, wahitimu 15. Idara za masomo haya mara nyingi ni ndogo. Kwa hiyo kabla binti hajasaini, aulize wazi: programu imetoa wahitimu wangapi miaka mitatu iliyopita, na ikifungwa, waliomo wataruhusiwa kumaliza? Kama idadi inatisha, njia nzuri ni kuchukua fani kuu imara iliyo jirani, kama sosholojia, afya ya jamii au sayansi ya siasa, na haya mengine ayachukue kama fani ndogo, yaani kozi chache za pembeni ya fani kuu. Atasoma vitabu karibu vilevile, kwa walimu walewale, bila kulala akiogopa idara itafungwa.

Kuhusu deni, tofautisha mambo matatu. Ruzuku ya Pell, fedha za serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, hairudishwi, lakini ina kikomo cha mihula 12 maishani. Kubadilisha fani mwaka wa pili hakumli sana, kubadilisha mwaka wa nne kunamla. Mkopo wa serikali kuu anaoubeba mwanafunzi mwenyewe anayemtegemea mzazi una kikomo: dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, 7,500 kila mwaka kuanzia wa tatu, na jumla isizidi 31,000. Huo unabebeka hata kwa mshahara wa kawaida. Wa tatu ni ule mkopo unaosainiwa na mzazi, na mikopo ya benki binafsi. Kwa shahada hii, kwa kipato cha ghalani, nakuomba usiusaini. Kama hesabu haifungi bila huo, afadhali apunguze gharama: arudi kuishi nyumbani, au baadhi ya kozi za lazima azichukue chuo cha jamii, kile cha miaka miwili chenye ada nafuu, baada ya kupata kwa maandishi kwamba krediti zitahamishika.

Na unesi? Muulize, kwa upole na bila mashahidi, kwa nini anauacha. Kuna wanaouacha kwa sababu kemia imewashinda na wanaona aibu kusema; huyo anahitaji mwalimu wa ziada, si fani mpya. Kuna wanaouacha kwa sababu hawakuupenda hata siku moja, wakaingia kwa ajili ya wazazi. Wewe utamjua ni yupi ukimtazama anapojibu. Vilevile fahamu kwamba mlango huo haufungwi kwa ufunguo. Zipo programu za unesi kwa watu wenye shahada nyingine tayari, nyingi za miezi 12 hadi 18, ili mradi awe na masomo ya sayansi yanayotangulia. Akihifadhi yale aliyokwisha kufaulu, hajapoteza kitu.

Umeniuliza kama umkataze. Usimkataze. Ana miaka 19, na hapa saini yake inatosha. Hata matokeo yake ya mitihani, kwa kawaida chuo hakitakupa bila ridhaa yake ya maandishi. Ndivyo sheria ya 1974 ya kumbukumbu za wanafunzi ilivyo, na wazazi wetu wengi hulijua hilo siku wamefika kaunta. Ukimfungia mlango, utakachopata ni mtoto asiyekuambia lolote tena. Lakini kunyamaza nako hapana. Una haki ya kuuliza maswali magumu, na yeye ana wajibu wa kuyajibu kwa hesabu.

Mambo mengine siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Mwombe akupeleke kwa mshauri wake wa masomo, ana kwa ana, kabla ya kujiandikisha muhula ujao, na mtoke huko na mpango wa krediti zote zilizobaki, muhula kwa muhula, kwenye karatasi. Ofisi ya misaada ya kifedha iwape hesabu ya deni lote mpaka siku ya kuhitimu. Na kuna jambo moja lisilo la karatasi. Masomo haya yatamfikisha kwenye picha na ushuhuda wa mambo ambayo ninyi mmemficha ili akue salama. Wapo wanafunzi wangu waliofika hapo wakaacha kulala, wakaacha kula, wakajifungia. Ukiyaona hayo kwake, au kwako wewe na mama yake maswali yake yatakapoanza kugusa kidonda, tafuteni mshauri wa afya ya akili. Chuo kina ofisi yake, na kliniki yenu, kama inapokea fedha za serikali kuu, ina wajibu wa kuwatafutia mkalimani asiye mwanenu. Msimtume yeye kutafsiri machozi yenu.

Siku mtakapokutana na idara, uliza swali hili moja na usiondoke bila jibu: wahitimu wenu wa miaka mitatu iliyopita wako wapi leo, wanafanya nini? Idara inayowajali watu wake itakutajia kazi, vyuo na miji. Ikizungukazunguka, chukueni ile njia ya fani ndogo, na uniandikie tena aliyoyasema mwenyewe binti yako mkiwa njiani kurudi nyumbani.